UZI: Kwa nini kamba wa kufugwa wanaanguka bei wakati kodfishi na samoni wanapaa? Tuichambue biashara ya samaki duniani

Mkondo Baridi

Wakuu, heshima kwenu.

Huwa napata shida nikiona watu wanajadili "bei ya samaki duniani" kana kwamba samaki ni sukari, mzigo mmoja wenye bei moja. Chukueni mwaka 2023 peke yake. Wafugaji wa kamba wa Ecuador na India walikuwa wanauza kwa bei iliyokaribia kabisa gharama ya kuwalea. Mwaka huohuo samoni wa Norway alivuka kroni 100 kwa kilo, na mafuta ya samaki yakapanda hadi mahali ambapo soko halikuwahi kufika. Kwa hiyo swali la "samaki wanapanda au wanashuka?" halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: huyu samaki akihitajika zaidi, yupo mtu anayeweza kumwongeza? Nimeifuatilia biashara hii kwa muda mrefu na naamini mambo karibu yote yanaanzia hapo. Nivumilieni, uzi ni mrefu.

Kwanza picha ya jumla. Kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 223.2 za mazao ya majini. Kati ya hizo milioni 185.4 ni wanyama, yaani samaki, kamba, kaa, chaza na wenzao, na zilizobaki ni mwani. Biashara ya kimataifa ya mazao hayo ilifika dola bilioni 195, kiwango cha juu kuliko miaka yote ya nyuma. Mwaka 1961 mtu mmoja alikula wastani wa kilo 9.1 kwa mwaka. Mwaka 2021 ilikuwa kilo 20.7. Ulaji wa kila mtu umezidi maradufu, na watu wenyewe nao wamezidi maradufu.

Hao wa ziada hawakutoka kwenye nyavu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa dunia umekuwa ukizunguka kati ya tani milioni 86 na 94 kwa mwaka, pamoja na injini zote kubwa na vifaa vyote vya kutafutia samaki vilivyoongezwa. Ongezeko limetoka kwenye mabwawa na vizimba. Mwaka 2022 wanyama wa majini wa kufugwa walifika tani milioni 94.4, asilimia 51 ya wote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwapita wa kuvuliwa.

Wengi wakisoma takwimu hiyo wanasema basi, tatizo la samaki limekwisha, tutafuga tu. Hapo ndipo ninapotaka tutulie.

Kamba aina ya vannamei anakuwa tayari kuvunwa kwa miezi 3 hadi 4. Bei ikipanda leo, mfugaji anajaza bwawa lake, jirani anachimba la kwake, na kabla ya mwaka kuisha kamba wamefurika. Mwaka 2012 na 2013 ugonjwa wa vifo vya mapema ulipoyapiga mabwawa ya Asia, Thailand ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi, bei ilipaa. Ecuador, ambayo yenyewe ilikuwa imevunjwa mgongo na ugonjwa wa madoa meupe kuanzia 1999, ilikuwa imejijenga upya kwa kulea kamba kwa msongamano mdogo na kuchagua mbegu inayohimili maradhi. Ikaingia kwenye pengo hilo kwa nguvu zote. Mwaka 2022 ikauza nje zaidi ya tani milioni 1, mwaka uliofuata takriban milioni 1.2. Mnunuzi wake mkubwa ni China, na China baada ya korona haikula kwa kasi ambayo wauzaji walikuwa wameitegemea. Bei ikaanguka. Wenye mashamba makubwa na viwanda vyao vya chakula na vya kusindika wakastahimili. Mfugaji mdogo wa India au Vietnam anayenunua chakula kwa mkopo hakuwa na pa kujishikiza, na huyu mtu huwa hatajwi kabisa kwenye ripoti zinazosifia "kamba wa bei nafuu".

Samoni ni habari tofauti. Tangu yai hadi kuvunwa ni miaka miwili na nusu au mitatu, na hata ukiwa na fedha huwezi kuweka kizimba popote. Norway ina mfumo inaouita taa za barabarani, ulioanza 2017: pwani imegawanywa maeneo, na kila eneo hupewa rangi kulingana na madhara ya chawa wa samoni kwa samoni wa porini. Kijani unaruhusiwa kuongeza, nyekundu unaweza kuamriwa kupunguza. Chile, mzalishaji wa pili, ilijifunza kwa uchungu: virusi vya ISA viliteketeza mashamba yake kuanzia 2007, na mwaka 2016 mwani wenye sumu ukaua samoni kwa mamilioni. Hivyo samoni anafugwa, ndiyo, lakini haongezwi kwa amri ya bei. Watu wanamtaka kila mwaka zaidi, na ugavi unasogea kidogo kidogo.

Kisha kuna wale ambao hakuna anayeweza kuwaongeza kabisa. Kodfishi, samaki mweupe wa maji baridi, wa Bahari ya Barents kaskazini mwa Norway na Urusi, ambaye Norway na Urusi hukaa mezani kila mwaka kumgawana, alipangiwa tani 885,600 mwaka 2021. Mwaka 2025 mgawo ulikuwa tani 340,000. Wa 2026 wameushusha tena hadi 285,000. Hakuna bwawa la kuziba pengo la namna hiyo. Waliojaribu kufuga kodfishi kibiashara miaka ya 2000 wengi walifilisika. Minofu yake ikapanda bei kama ilivyotarajiwa, na wanunuzi wakakimbilia poloki wa Alaska na hadoki, samaki weupe wa jamii yake, nao wakaanza kupanda.

Sasa sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini. Samoni na kamba wanakula nini? Sehemu ya chakula chao ni unga na mafuta ya samaki, na nchi inayoongoza kwa kuvitoa ni Peru, kwa dagaa mmoja tu, anchoveta. Dagaa huyu anaishi kwenye maji baridi yanayopanda kutoka kilindini yakiwa na rutuba. El Niño ikija, maji ya juu yanapata joto, rutuba haipandi, dagaa wanatawanyika au wanashuka chini kusikofikika. Mwaka 2023 serikali ya Peru ilifuta msimu wote wa kwanza wa eneo la kaskazini na kati kwa sababu waliokuwa wanapatikana walikuwa wachanga mno. Hiyo ndiyo iliyofanya mafuta ya samaki yapae nilivyosema mwanzoni. Mfugaji wa samoni kwenye fiodi ya Norway akapandishiwa gharama na joto la maji ya pwani ya Peru.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1970 Peru ilivua takriban tani milioni 12 za anchoveta, nyingi kuliko samaki wa aina yoyote duniani. Uvuvi wa kupita kiasi ukakutana na El Niño ya 1972, na mwaka uliofuata kilichovuliwa kilikuwa kama tani milioni 2 hivi. Unga wa samaki ukaadimika, wafugaji wa kuku na nguruwe wakahamia kwenye soya, soya ikapanda kiasi kwamba Juni 1973 Marekani ikazuia kuiuza nje. Japani, iliyokuwa ikitegemea soya ya Marekani, ikaenda kuwekeza kwenye mashamba ya Brazil. Dagaa wa Peru alibadilisha kilimo cha bara zima.

Nimalizie sehemu yangu kwa jodari kwa kifupi. Sehewa, yule jodari mdogo anayejaza makopo, kwa wingi anavuliwa Pasifiki ya magharibi na kati, na bei yake huangaliwa Bangkok kwa kuwa Thailand ndiyo inayoongoza kuuza nje jodari wa makopo. Nchi za visiwa kama Kiribati, Nauru, Tuvalu na Papua New Guinea ziliungana na kuanza kuuza siku za kuvua badala ya kubembeleza leseni, kwa bei isiyopungua dola 8,000 kwa meli kwa siku. Kwangu huu ni mfano bora wa wenye samaki kujua thamani ya walicho nacho.

Karibuni, tujadili kwa hoja.

---

Ngalawa77

Mkuu, asante kwa darasa. Kuna kitu sijakielewa. Nasoma kwamba China ndiyo inayoongoza kuuza samaki nje, halafu nasoma tena kwamba ni miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa. Inakuwaje nchi moja iwe pande zote mbili?

---

Mkondo Baridi

Swali zuri, ndugu yangu. Sababu ni mbili na zimechanganyika.

Ya kwanza ni ulaji wao wenyewe. Tabaka la kati limekua, wanataka kamba wa Ecuador, samoni, kaa wakubwa, kamba miamba. Hao wanabaki humohumo.

Ya pili ni kazi ya mikono. Kwa miaka mingi kodfishi na poloki waliovuliwa na meli za Urusi au Norway waligandishwa wakiwa wamekatwa vichwa na kutolewa matumbo, wakasafirishwa hadi viwanda vya Dalian na Qingdao, wakayeyushwa, wakachunwa minofu kwa mkono, wakagandishwa tena na kurudishwa Ulaya na Amerika. Samaki anazunguka nusu ya dunia kwa sababu mkono wa mchunaji wa China ulikuwa na gharama ndogo, na pia ulipata nyama nyingi zaidi kutoka kwenye samaki yuleyule kuliko mashine. Kwenye takwimu anahesabiwa mara mbili: ameingia, ametoka.

Mlaji wa mwisho aliona "bidhaa ya China" bila kujua kavuliwa wapi. Ndiyo maana Marekani, iliyopiga marufuku samaki wa Urusi Machi 2022, ilirudi tena Desemba 2023 na kusema marufuku hiyo inamhusu hata aliyesindikwa nchi nyingine. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa karibu miaka miwili.

---

Sauti ya Kina

Mkondo, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Umeweka baiolojia mbele mno. Mimi naona siasa ndiyo inayopanga bei siku hizi. Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, siku hiyohiyo China ikafunga mlango kwa samaki wote wa Japani. Skalopu, jamii ya chaza, wa Hokkaido huko Japani walikuwa salama kwenye maji yao, hawakuugua wala kupungua hata mmoja, bei ikaanguka. Agosti 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50. Kamba wa India hakubadilika chochote, ila mnunuzi wake mkuu alimkimbia. Wapi hapo El Niño? Wapi chawa wa samoni?

Tena wewe mwenyewe umetaja Urusi. Uingereza iliweka ushuru wa asilimia 35 kwa samaki weupe wa Urusi, yaani akina kodfishi, mwaka 2022. Umoja wa Ulaya ukawaondolea nafuu ya ushuru kuanzia 2024. Hayo yote ni kalamu tu. Bahari haikuhusika.

---

Mkondo Baridi

Sauti ya Kina, hoja yako ni nzito na sitaki kuikwepa. Mifano yote uliyotoa ni ya kweli na watu wameumia.

Ila hebu tuiangalie kwa makini ile ya skalopu. Kabla ya marufuku, sehemu kubwa ya skalopu wa Hokkaido walikwenda China kutolewa kwenye magamba, halafu baadhi wakauzwa Marekani kutokea hukohuko. China ilipofunga, Japani ilitafuta watu wa kuwamenya Vietnam na Mexico, na wengine wakapelekwa Marekani moja kwa moja. Ilichukua muda, waliopoteza walipoteza, lakini skalopu wenyewe walipata njia. Juni 2025 China ikaanza kulegeza baadhi ya masharti, ikakuta wanunuzi wengine wameshakaa kwenye foleni.

Ninachotaka kusema: ushuru na marufuku vinamhamisha samaki. Vinaamua nani anamla, nani anapata faida na nani anafunga kiwanda. Bei inashuka kwa aliyefungiwa na inapanda kwa aliyejifungia. Lakini haviongezi samaki hata mmoja duniani wala havimpunguzi. Mgawo wa Barents ukishuka kwa tani laki tano na zaidi, hakuna njia mbadala ya kupitia. Hawapo.

Na kwa kamba nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa zaidi. Pale ambapo samaki anaongezwa kirahisi, siasa ina nguvu sana, kwa sababu mnunuzi ana wauzaji wengine watatu wanaosubiri nje. India ikiwekewa ushuru, Ecuador, Indonesia na Vietnam wapo. Mwenye bidhaa adimu hababaishwi kirahisi hivyo.

---

Sauti ya Kina

Hapo kwenye kutenganisha adimu na wingi nimekuelewa, nakubali. Lakini kuna siasa moja inayopunguza samaki kweli: ruzuku. Serikali zinalipia mafuta ya meli ambazo bila hiyo fedha zisingeweza kwenda kuvua mbali kwa faida. Bei ya samaki sokoni inaonekana ya chini kwa sababu mlipakodi ameshalipa sehemu yake. WTO, Shirika la Biashara Duniani, walijadiliana zaidi ya miaka ishirini, mkataba ukapita Geneva Juni 2022, ukaanza kutumika Septemba 2025. Na hata huo umegusa uvuvi haramu, samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi, na bahari kuu isiyo na msimamizi. Ruzuku kubwa zinazokuza uwezo wa meli zimeachwa kwa mazungumzo yajayo.

---

Dira

Kaka Mkondo, umegusa chakula cha samaki ukaishia Peru. Naomba usiache upande wa Afrika Magharibi. Mauritania, Senegal na Gambia kuna viwanda vya unga wa samaki vilivyochipuka kwa kasi miaka ya 2010, na malighafi yake ni dagaa aina ya sardinela, samaki ambaye ndiye kitoweo cha maskini wa ukanda huo. Kiwanda kinaweza kumlipa mvuvi kwa mkupuo, mama anayekausha na kufukiza samaki hawezi kushindana naye. Sardinela anageuzwa unga, unga unapanda meli, unakwenda kulisha samaki ambaye yule mama hatamuona maishani mwake. Tukihesabu "ulaji wa samaki umepanda duniani" tuulize umepanda kwa nani.

---

Mkondo Baridi

Dada Dira, hapo umesema jambo ambalo lingestahili kuwa uzi wake. Unasema kweli kabisa, na linaniuma.

Wenye viwanda vya chakula cha samaki wanajitetea kwamba wamepunguza. Na kwa samoni ni kweli: miaka ya 1990 mwanzoni chakula chake cha Norway kilikuwa karibu asilimia 90 kutoka baharini, siku hizi ni kama robo, kilichobaki ni soya, ngano, mafuta ya mimea. Unga na mafuta mengi sasa yanatoka kwenye vichwa, mifupa na matumbo ya samaki waliosindikwa, ambayo zamani yalitupwa. Hizo ni hatua za kweli na nazipongeza.

Lakini ufugaji wenyewe umekua mara nyingi zaidi, kwa hiyo kijiko kimekuwa kidogo na walaji wamekuwa wengi. Na mafuta ya samaki ni magumu kubadilisha kuliko unga, kwa sababu omega-3 zinazotafutwa na walaji wa samoni zinatoka huko. Mafuta ya mwani yapo na yanakuja juu, bado ni ghali. Mahitaji hayo yakibaki, na Peru ikikosa msimu, shinikizo linahamia mahali penye usimamizi dhaifu. Sardinela wa Afrika Magharibi wanahama kwenye maji ya nchi kadhaa na hakuna makubaliano ya pamoja yenye meno ya kuwalinda. Kwa kweli napendelea samaki anayeliwa na watu moja kwa moja asigeuzwe unga kabisa. Najua wengi kwenye biashara hii hawatakubali.

---

Ngalawa77

Mmenifungua macho wote. La mwisho kwangu: nasikia vibua wa Atlantiki ya kaskazini nao wamekuwa dhahabu. Ni ukame wa samaki au ni wafanyabiashara?

---

Mkondo Baridi

Hao ni ukaidi wa serikali zilizoendelea, tena zenye wanasayansi bora duniani. Kila mwaka baraza la wanasayansi la ICES linatoa ushauri wa kiasi cha kuvua. Norway, Uingereza, Umoja wa Ulaya, Iceland, Visiwa vya Faroe na wengine kwa miaka wameshindwa kukubaliana nani achukue ngapi, kila mmoja akajipangia, na jumla ikazidi ushauri. Kwa mwaka 2026 ICES ikashauri kupunguza kwa asilimia 70. Wanunuzi wakubwa wa Japani na kwingineko wakaanza kugombania mzigo hata kabla ya mwaka kuanza.

---

Dira

Na mbadala wake ni nani? Maana waliozoea kula vibua si matajiri.

---

Mkondo Baridi

Heringi kwa kiasi fulani. Ila mwangalie zaidi kibua wa Chile, jamii ya kolekole, anayevuliwa Pasifiki ya kusini. Katikati ya miaka ya 1990 alivuliwa hadi karibu tani milioni 5 kwa mwaka, kisha meli za mataifa mengi zikamkimbilia nje ya maji ya nchi yoyote, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilipata chini ya nusu milioni. Mkataba wa kumsimamia ukaanza kutumika 2012, chini ya shirika la SPRFMO. Migawo ikabanwa kweli, nchi zikaitii kwa kiasi kikubwa, na kwa mwaka 2023 mgawo ukavuka tena tani milioni 1. Umeendelea kupanda tangu hapo. Mzigo wake mwingi unauzwa ukiwa mzima na umegandishwa, kwenda kwa watu wa kipato cha chini, Afrika Magharibi ikiwemo.

---

Dira

Kumbe inawezekana. Miaka kumi na kidogo tu. Nitakwenda kusoma zaidi habari za huyo kibua wa Chile, halafu nitafungua uzi wa sardinela wiki ijayo. Sauti ya Kina, njoo na hoja zako za ruzuku.